Filamu bora ya kisayansi kuliko zote: wale ni kina nani?



Ubishi wa filamu bora ya kubuni ya kisayansi huwa hauishi, tena huanzia na kuishia palepale. Mmoja atasema 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick (1968). Wa pili atambishia kwa Blade Runner ya Ridley Scott (1982). Mzee wa kundi atakumbusha kwamba Metropolis ya Fritz Lang ilishatoka tangu 1927 na hizo nyingine zote ni wajukuu zake. Kijana atataja The Matrix (1999). Orodha zinazochapishwa nazo haziachani mbali. Gazeti la Guardian lilipowauliza wanasayansi 60 mwaka 2004, Blade Runner iliongoza, 2001 ikafuata. Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipotoa orodha yake Juni 2008, ikaiweka 2001 juu kabisa. Sina ugomvi na filamu hizo, nyingine nimezirudia mara nyingi. Ugomvi wangu ni juu ya kipimo, manake watu wanapanga nafasi ya kwanza mpaka ya kumi bila kutuambia wanapima nini.

Wapo wanaopima ufundi wa picha. Wapo wanaopima utabiri: filamu ilisema kompyuta zitaongea, na kweli zimeongea. Na wapo, tuseme kweli, wanaopima ujana wao. Filamu uliyoiona ukiwa na miaka kumi na minne haishindwi na yoyote. Mimi naleta kipimo cha nyumbani. Mwaka 1995 Katama Mkangi alitoa riwaya yake Walenisi. Humo Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani, na badala ya kufa anafika nchi inayoitwa Walenisi. Jina ukilivunja linajieleza lenyewe: wale ni sisi. Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Moi katika miaka ya 1980, alikwenda mbali angani ili atuoneshe hapa tulipo. Basi kipimo changu ndicho hicho. Filamu ikuoneshe kiumbe usiyemtambua, na mpaka taa zinawashwa uwe umelazimika kusema wale ni sisi. Kusema "maskini wale" hakutoshi, kwani huruma ni rahisi. Hata tajiri humhurumia mbwa wake.

Nitakijaribu kipimo hiki kwa District 9 ya Neill Blomkamp (2009), kwa sababu ni filamu ya mji huu ninaoishi, na kwa sababu wengi wetu tulioko Afrika Kusini tunaipenda na kuichukia kwa pamoja.

Nakaa Doornfontein, mashariki ya katikati ya Johannesburg. Historia ya mtaa huu ni historia ya wageni na wafukuzwaji. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa pa matajiri wa dhahabu. Wao walipohamia kaskazini walikuja Wayahudi kutoka Lithuania, wakafungua maduka yao Beit Street. Uani, nyuma ya majengo, Waafrika walipangishwa vyumba vya kubananabanana. Mwaka 1933 mwanaanthropolojia Ellen Hellmann alikuja kuchunguza maisha ya ua mmoja, Rooiyard, na ni maisha ya nyua kama hizo ambayo Modikwe Dikobe aliyasimulia katika riwaya yake The Marabi Dance (1973). Kisha ikaja sheria ya mitaa duni ya 1934. Watu walifagiliwa, wakapelekwa Orlando, mbali na mji, mahali ambapo leo ni sehemu ya Soweto. Siku hizi ukipita hapa jioni unasikia Kizulu, Kishona, Kilingala, na Kiswahili cha Wakongo ambacho sisi wa pwani tunajifanya hatukielewi.

Sasa itazameni hiyo filamu mkiwa na habari hizo kichwani. Chombo kikubwa kinasimama juu ya Johannesburg mwaka 1982. Hakiendi New York wala Washington. Ndani yake mna viumbe wenye njaa. Wanashushwa, wanawekwa kambini, kambi inageuka mabanda ya mabati, na baada ya miaka zaidi ya ishirini kampuni moja inapewa kazi ya kuwahamishia mbali, kwenye kambi mpya. Jina la filamu linatukumbusha District Six ya Cape Town, iliyotangazwa mwaka 1966 kuwa ya Wazungu peke yao. Lakini mimi hapa Doornfontein naiona Rooiyard pia. Na mabanda yale hayakuwa ya kuigiza. Filamu ilipigwa mwaka 2008 katika mtaa wa Chiawelo, Soweto, kwenye mabanda halisi ambayo wakazi wake walikuwa wanahamishiwa nyumba za serikali.

Nusu ya kwanza ya filamu hii, kwa maoni yangu, haina mpinzani. Wikus van de Merwe, karani anayeongoza zoezi la kuhamisha, si katili wa kutisha. Anatabasamu, anabisha hodi kila banda, anaomba sahihi kwenye hati ya kuhama, kana kwamba mtu anayefukuzwa ana hiari. Banda lenye mayai ya viumbe hao linapochomwa moto, anaieleza kamera kwa uchangamfu kwamba mlio wake ni kama wa bisi. Hapo ndipo ninapoiheshimu filamu. Imejua kwamba ufukuzaji mkubwa hufanywa na watu wa kawaida wenye fomu na kalamu.

Wenye taaluma ya lugha mtaona jambo jingine. Viumbe wanaitwa "kamba", kwa maana ya kamba wa baharini, na kwa wenyeji wa Johannesburg jina hilo linamgusa pia yule mdudu mkubwa wa bustanini wanayemwita kamba wa Parktown. Tunajua vizuri kwetu Maziwa Makuu mtu akishaitwa mdudu kinachofuata ni nini. Halafu mmoja wao anaitwa Christopher Johnson! Nani kampa jina hilo? Afisa wa kuandikisha, bila shaka, kama babu zetu walivyopewa majina na makarani.

Tena neno lenyewe. Kiingereza kina alien kwa kiumbe wa sayari nyingine na kwa mtu asiye raia, na sheria ya Afrika Kusini ya 1991 ilitumia neno hilohilo kwa watu kama sisi, mpaka ikafutwa na sheria ya uhamiaji ya 2002. Kiswahili kinasema mgeni, na mgeni kwetu ana heshima yake: siku mbili anakula, ya tatu mpe jembe. Viumbe wa District 9 wamekaa zaidi ya miaka ishirini na hakuna aliyewapa jembe. Wamepewa chakula cha paka kwa bei ya kuwaibia, na kambi yenye ulinzi. Ukiwatazama hivyo unasema bila kulazimishwa: wale ni sisi.

Baada ya hapo wanaingia Wanigeria, na filamu inajikwaa.

Ndani ya kambi kuna genge la Wanigeria. Wanauza silaha, wanauza wanawake, wanakula viungo vya viumbe ili wapate nguvu zao. Mkuu wao anaitwa Obesandjo, jina linalomgonga Obasanjo waziwazi. Septemba 2009 waziri wa habari wa Nigeria, Dora Akunyili, alitaka kumbi za sinema ziache kuionesha, na mimi sikumshangaa. Najua nitajibiwa kwamba ni kejeli, kwamba kila mtu humo ni mwovu, hata Wazungu wa kampuni. Sawa, lakini hesabuni. Wazungu wanapewa karani anayebadilika mbele ya macho yetu mpaka tunamlilia. Viumbe wanapewa baba anayempenda mwanawe. Mnigeria hapewi mtoto, hapewi swali, hapewi hata dakika moja ya kuwa mtu. Kejeli isiyomwachia anayekejeliwa hata pa kusimama inarudia yaleyale yanayosemwa mitaani. Na anayemwigiza Obesandjo ni Eugene Khumbanyiwa, mzaliwa wa Malawi: mgeni mmoja amevalishwa uovu wa mgeni mwingine.

Hili si jambo dogo. Blomkamp mwenyewe amesimulia kwamba kwa filamu yake fupi iliyotangulia, Alive in Joburg, aliwauliza watu wa mitaani habari za wahamiaji wa kweli, Wazimbabwe na Wanigeria, akayatumia majibu yao kana kwamba ni habari za viumbe wa angani. Yaani alijua wale ni nani. Na Mei 2008, katika mwaka uleule wa kupiga District 9, mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra yakaenea. Watu 62 waliuawa, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Wengine walikamatwa njiani wakaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Ndugu zangu, sisi tunaoishi kwa kusahihisha ngeli za wanafunzi, ni wangapi tungejibu indololwane bila kigugumizi? Hicho nacho kilikuwa kipimo cha "wale ni nani". Filamu iliyopigwa katika mwaka huo ilikuwa na deni, na deni hilo imelilipa nusu.

Kwa hiyo hukumu yangu: District 9 imo katika kumi bora, lakini si ya kwanza. Nafasi ya kwanza naipa filamu ambayo wapanga orodha huipita kimya: The Brother from Another Planet ya John Sayles (1984). Mtumwa mtoro wa sayari nyingine, mwili wake mweusi, anaanguka Ellis Island na kuishia Harlem. Hana sauti. Joe Morton anaigiza filamu nzima bila kutamka neno. Wanamsaka wanaume wawili weupe waliovaa nguo nyeusi, na mmoja ni Sayles mwenyewe. Gharama yake ilikuwa ndogo mno, hakuna mlipuko wa kukumbukwa. Lakini kuna mahali ndugu yetu huyu anasimama na mtoto mbele ya picha ya mtumwa anayekimbia. Anaionesha picha, kisha anajionesha yeye. Kipimo cha Mkangi chote kimo katika kidole kile. Na Harlem inayompokea haikuhitaji kumjua anatoka wapi ndipo impe kazi na chumba. Ilimpa jembe.

Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009) naiweka karibu, ingawa jina ni letu na maneno ni ya Kiingereza. Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman (2021), iliyopigwa Rwanda, angalau imekiruhusu Kiswahili kisikike pamoja na Kinyarwanda na Kirundi. Hizo zinastahili mjadala wao.

Naomba kutoa hoja. Wenye Blade Runner yao waje, ila waje na jibu: ule umati wa Kiasia unaojaa mitaani katika Los Angeles ya Ridley Scott, kuna hata mmoja aliyeulizwa anaota nini?

Wasalaam.