Sifa za Mgonga Tairi

Diski ikifa ndani ya seva yenye RAID, hakuna msiba. Tovuti inafunguka, mishahara inalipwa, barua pepe zinaingia. Ndivyo walivyokusudia David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipotetea mwaka 1988 wazo la kuunganisha diski nyingi za bei nafuu badala ya kununua moja kubwa ya bei ghali. Walijua kwamba diski zikiwa nyingi, vifo navyo huongezeka. Kwa hiyo wakatenga akiba ndani ya kundi lenyewe. RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja, RAID 6 vifo viwili.

Tatizo ni kwamba akiba hiyo huliwa kimyakimya. Lori lenye tairi pacha nyuma, moja ikipasuka, huendelea na safari na dereva huenda asihisi kitu. Ndiyo maana utingo hushuka kila lori linaposimama, akagonga tairi moja moja kwa chuma, akisikiliza mlio. Ninaowasifu hapa ni wale wanaofanya kazi hiyo kwenye seva za Linux.

RAID ya programu huwarahisishia: wakisoma /proc/mdstat wataona herufi U kwa kila diski iliyo hai. RAID ya kadi maalumu haina uwazi huo. Kadi huionyesha Linux diski moja tu, /dev/sda, hata kama nyuma yake zimo nane na mojawapo inaugua. Ili kuzifikia lazima ujue amri za kadi yenyewe: storcli kwa MegaRAID, ssacli kwa kadi za HPE, au smartctl iliyoelekezwa namba ya diski.

Fundi hatosheki kuambiwa kwamba kundi ni zima. Husoma hesabu ya makosa ya kila diski, sekta zilizohamishwa, hali ya betri ya kadi. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba diski iliyopata kosa lake la kwanza la uchunguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya zilizokufa hazikutoa dalili yoyote. Basi dalili huheshimiwa, lakini haziachiwi ulinzi peke yake.

Hata saa za kazi zina maana. Mwaka 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake, kwa kosa la programu ya ndani, zingekufa zikitimiza saa 32,768. Zilizowashwa siku moja zingeondoka pamoja, na RAID isingeokoa kitu. Aliyekuwa akihesabu saa alijua amebakiwa na muda gani wa kusasisha.

Umahiri zaidi umo katika kumshuku mlinzi mwenyewe. Skripti inayotuma ujumbe wakati wa shari tu, ikifa yenyewe, hutoa kimya kilekile cha heri. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo fundi huifanya iripoti kila siku, hata mambo yakiwa shwari, na ripoti isipofika huhesabiwa kuwa hitilafu. Kisha, kwenye seva ya majaribio, huchomoa diski kwa makusudi aone kama habari itamfikia. Na siku ya kubadilisha diski kweli, huwasha taa ya nafasi yake na kulinganisha namba ya mfululizo ya diski kabla ya kuivuta, kwa sababu RAID 5 iliyokwisha kupoteza moja haisamehi kuchomolewa kwa nyingine.

Katika hesabu za Berkeley, muda wa kutengeneza ndio unaogawanya umri wa kundi: ukiupunguza nusu, umri huo huongezeka maradufu. Lakini muda huo huanza diski inapokufa, si mtu anapojua. Diski bora na kadi ya bei mbaya haviwezi kuufupisha hata kidogo iwapo hakuna aliyeuliza.