Mandhari ya Macho Yaliyofumbwa

Mkazi wa Kampala aliyechoshwa na foleni na makelele ya bodaboda huambiwa abebe rangi zake, ashuke Entebbe, atazame ziwa na kuchora hadi moyo utulie. Ushauri si mbaya. Ila shule ya uchoraji iliyozaliwa Kampala hiyohiyo ilishika njia nyingine kabisa: mchoraji alianza kwa kufumba macho.

Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea shule ya sanaa ya Slade, London, alianza kufundisha uchoraji mwaka 1937 kwenye baraza la nyumba yake, kabla somo hilo halijapata nafasi rasmi katika chuo cha Makerere. Alikuwa Mkristo wa dhati, na hakuitenga sanaa na ibada. Hakupanga chungu na matunda mezani ili yanakiliwe. Alisimulia kisa cha Biblia au jambo la kijijini, wanafunzi wakisikiliza huku wamefumba macho, mpaka picha iwakae kichwani. Ndipo wakashika brashi.

Mbinu hiyo huacha alama zake kwenye picha. Chukua mgomba. Ukiuchora ukiwa mbele yako, jani linalokuelekea huonekana fupi, jingine limefichwa nusu, na upande mmoja una kivuli. Ukiuchora kutoka kichwani, kila jani hujitokeza zima pamoja na mipasuko yake, kwa kuwa unachora unachokijua. Kivuli hupotea, maana kumbukumbu haina saa sita wala saa kumi. Mlima wa mbali haufifii. Upeo wa macho hupanda juu na ardhi kusimama kama ukuta, watu wote wakapata nafasi.

Sam Ntiro, Mchagga aliyeingia Makerere mwaka 1944, aliushikilia mtindo huo hata baada ya kwenda Slade kwenyewe. Mchoro wake wa 1956, wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, uko Museum of Modern Art, New York. Usiku humtesa mchoraji anayetegemea macho. Kwa Ntiro giza ni rangi tu. Wapo wanaouona mtindo huu kuwa wa kitoto. Mimi naona mtu aliyeweza kuvirudia vihamba, yaani mashamba ya migomba ya kwao, akiwa mbali navyo, bila kuhitaji dirisha.

Nina shaka moja, nayo si ndogo: macho yalikuwa ya mwanafunzi, lakini simulizi ilikuwa ya mwalimu, tena kwa Kiingereza.

Elimo Njau, mwanafunzi mwingine wa Trowell, mzaliwa wa Marangu, alilijibu hilo ukutani. Mwaka 1959 alikamilisha michoro mitano mikubwa katika kanisa la Fort Hall, Murang'a ya leo, lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Maisha ya Yesu aliyaweka katika nchi ya Wakikuyu. Kisa kilikuwa cha Injili, lakini mabonde hayakusimuliwa na mgeni, na muumini hakulazimika kusafiri kwa mawazo hadi Galilaya.

Trowell aliondoka mwaka 1958. Mrithi wake, Cecil Todd, aliyarudisha macho kazini, akaleta nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Kwa upande wa ufundi alikuwa na haki, kwani kusikiliza hakumfundishi mtu kuchora kiganja. Ningependa tu zoezi lile la kufumba macho lingebakishwa, walau kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.