Kituo Bila Sauti: Uhakiki wa Matembezi ya Kuongozwa Mjini Berlin

Kila mpenzi wa ushairi wa Kiswahili anaijua kazi ya kituo. Ni mshororo wa mwisho wa ubeti, pale ambapo yote yaliyotangulia hukusanywa, pumzi ikatulia, na msikilizaji akapata nafasi ya kulitia moyoni aliloambiwa. Kituo kibovu huuharibu ubeti mzima, hata kama vina vyake vya juu vimepangika. Neno hilo hilo ndilo jina la pahala wanaposimama wasafiri. Si vibaya, basi, kuyachukua matembezi ya kuongozwa katika mji wa Berlin na kuyahakiki kama unavyohakikiwa utungo wowote. Yana mtunzi, yana hadhira, yana mpangilio na yana vituo. Na kama utungo wowote, yana pia yale yanayopitwa bila ya kutajwa.

Matembezi ya kawaida huanzia mbele ya Lango la Brandenburg, lililokamilika mwaka 1791. Mwongozaji husimama ameinua mwavuli, kundi likamzunguka, na kwa muda wa saa mbili au tatu humfuata kwa miguu katika mitaa ya kati ya mji. Ujerumani haimtaki mtu awe na leseni maalumu ndipo aongoze wageni barabarani. Kwa hiyo kila mwongozaji hujitungia maneno yake, akiazima kwa wenzake kama malenga wanavyoazimana mbinu. Yapo matembezi yanayolipiwa kabla, na yapo yanayoitwa ya bure, ambayo mwongozaji wake hutegemea bakshishi mwishoni. Aina hii ya pili ina athari kubwa juu ya utungo wenyewe. Anayengojea bakshishi hawezi kuwaacha wasikilizaji wake na huzuni. Ndiyo maana matembezi mengi hupenda kumalizia na kisa cha usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, pale Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, alipoulizwa mbele ya waandishi wa habari sheria mpya ya safari itaanza lini, akajibu kwa kubabaika kwamba ni sasa hivi. Na umma ukamiminika kwenye ukuta uliokuwa umesimama tangu Agosti 1961. Ni kisa cha kweli, kina kicheko na kina machozi ya furaha. Ni kituo kizuri, na mifuko hufunguka.

Lakini itakuwa dhulma kuyadharau matembezi hayo kwa sababu ya bakshishi. Miji mikuu mingi ya Ulaya huwaonyesha wageni fahari zake tu: majumba ya wafalme, sanamu za majenerali, makanisa. Berlin imekubali aibu zake ziwe sehemu ya utungo. Karibu na lango lile pana kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa barani Ulaya, iliyofunguliwa mwaka 2005, yenye nguzo 2,711 za saruji, na hazina majina wala picha. Mwongozaji hodari hasemi mengi hapo. Huwaachia watu waingie peke yao katikati ya nguzo, zinazozidi kurefuka kila ardhi inavyoteremka, kisha huwangoja upande wa pili. Katika uwanja wa Bebelplatz, zilipochomwa vitabu tarehe 10 Mei 1933, mgeni huinama juu ya kioo kilichotandazwa ardhini, akaona chini yake chumba cheupe chenye rafu tupu. Ni kazi ya msanii Micha Ullman ya mwaka 1995, na rafu hizo zinaweza kubeba vitabu kama 20,000. Hapo pia maneno machache hutosha, kwani utupu wenyewe unasema.

Hata hivyo, kituo kinachofundisha zaidi juu ya sanaa hii ni kile kisichokuwa na kitu kabisa. Nyuma ya mtaa wa Wilhelmstraße kuna kiegesho cha magari kati ya majumba ya kupangisha. Chini yake lilikuwapo handaki alimojiua Hitler mwaka 1945. Hakuna mnara wala sanamu, isipokuwa bango la maelezo lililowekwa mwaka 2006. Makundi husimama hapo kila siku, watu wakaitazama ardhi kama kwamba itasema. Kinachokifanya kiegesho kile kuwa kituo ni maneno ya mwongozaji, basi. Na kama maneno pekee yanatosha kukiinua kiegesho cha magari, haiwezekani kudai kwamba mambo mengine ya mji huo hayatajwi kwa sababu hayakubakisha kitu cha kuonyesha.

Hoja hii ni nzito, kwa sababu ni mwendo wa dakika chache tu kutoka kiegesho hicho hadi Wilhelmstraße namba 92. Katika mtaa huo ndiko yalikokuwa makao ya Bismarck, na humo ulifanyika mkutano wa Berlin, tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Wajumbe wa dola kumi na nne walikaa kuamua masharti ya biashara na ya kutwaa nchi katika bara la Afrika, na hakuna Mwafrika aliyeketi pamoja nao. Jengo lenyewe halipo tena. Lipo bango tu. Makundi mengi hayafiki hapo. Na waongozaji wanaofika aghalabu hutoa picha moja iliyozoeleka: ramani juu ya meza, rula mkononi, bara likakatwa kama keki.

Picha ya keki ni nyepesi kukaririka, lakini ni kituo kibovu, kwani huificha kazi halisi iliyofanyika. Mkutano ule haukuchora mipaka yote. Uliweka kanuni za unyang'anyi, na mipaka ikaja kwa mikataba na kwa mizinga. Msomaji wa visiwani ana sababu ya kulijua jambo hili kwa tarehe zake. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari. Siku ya pili yake, tarehe 27, Mfalme wa Ujerumani alitia saini waraka wa kuziweka chini ya himaya yake Usagara, Unguru, Uzigua na Ukami, kwa mujibu wa karatasi ambazo Carl Peters alizirudisha kutoka bara. Sayyid Barghash alipinga. Mwezi wa Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Unguja, naye akalazimika kukubali. Hayo ndiyo maneno ya kusemwa Wilhelmstraße: usiku mmoja kati ya tarehe mbili, kisha meli bandarini. Hayana haja ya keki.

Kuna na kiitikio kingine ambacho hata Wajerumani wengi wamekizoea, kwamba Ujerumani iliitoa Zanzibar na ikapewa kisiwa cha Helgoland. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 ulitiwa saini Berlin, na jina lake la mazoea katika Kijerumani limeviunganisha visiwa hivyo viwili kana kwamba vilipimwa katika mizani moja. Ukweli ni kwamba Zanzibar haikuwa mali ya Ujerumani hata iuzwe. Ilichofanya Ujerumani ni kuitambua himaya ya Waingereza juu ya dola ya Sultani na kuiachia Witu, karibu na Lamu. Kiitikio kinapokaririwa kwa miaka mia na zaidi, hadhira huacha kuuliza kama kina maana. Hapo ndipo inapohitajika kazi ya mhakiki.

Kwa bahati njema, upo mkondo wa pili wa matembezi. Kaskazini-magharibi ya katikati ya mji, katika wilaya ya Wedding, kuna mtaa uitwao wa Kiafrika, ambao njia zake zilipewa majina ya makoloni na ya wakoloni. Kwa miaka mingi asasi ya Berlin Postkolonial imekuwa ikiwaongoza watu huko. Miongoni mwa waasisi wake ni Mnyaka Sururu Mboro, Mtanzania kutoka Kilimanjaro, ambaye ameeleza mara nyingi hadharani kwamba alipokuwa akienda Ujerumani bibi yake alimtaka alirudishe nyumbani fuvu la Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mjini Moshi mwaka 1900. Mwongozaji wa namna hiyo hategemei bakshishi. Ana ahadi ya kutimiza, na ahadi hiyo huyapa maneno yake uzito usioweza kupatikana kwa kukariri. Matunda yake pia yameonekana. Barabara ya Petersallee, iliyoitwa kwa jina la Carl Peters mwaka 1939, na ambayo mwaka 1986 serikali ya mji ilijaribu kuisafisha kwa kudai kuwa sasa inamkusudia Peters mwengine, iligawiwa mwaka 2024: upande mmoja ukaitwa Maji-Maji-Allee, na upande wa pili Anna-Mungunda-Allee. Vita vya Maji Maji, vya tangu 1905 hadi 1907, vimepata njia yao katika mji ulioamrisha kuzimwa kwake.

Walakini, mkondo huu nao unastahiki kuhakikiwa, tena kwa kuwa ni bora kuliko ule mwengine. Kasoro inayoyanyemelea matembezi ya aina hii kwa jumla ni kwamba Mwafrika hutokea ndani yake kama fuvu, kama idadi, kama aliyetendwa. Husemewa, na kwa nadra sana husikika akisema. Ilhali katika mji wa Berlin Waswahili walisema, tena kwa kalamu.

Na turudi Bebelplatz, penye rafu tupu. Ng'ambo ya barabara limesimama jengo la chuo kikuu. Mwaka 1887 chuo hicho kiliundiwa Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo kwa ajili ya maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakienda koloni. Kutoka Zanzibar aliletwa Amur bin Nasur awe mwalimu, na maelezo yake juu ya maisha yake mjini humo yalichapishwa katika mkusanyiko wa C. G. Büttner wa mwaka 1894. Baadaye akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo kiini cha kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903, ingawa jina lililotangulia katika kitabu ni la Carl Velten. Mtoro alioa Mjerumani. Alipojaribu kurudi kwao pamoja na mkewe, watawala wa koloni walimzuia. Akarejea Berlin na akafia huko mwaka 1927. Mgeni aliyesimama uwanjani hapo huelezwa vitabu vilivyokufa kwa moto. Haelezwi kwamba katika chuo kile kile nathari ya Kiswahili iliyochapishwa ilipata baadhi ya waandishi wake wa mwanzo. Kurasa mbili za Amur zikisomwa hapo kwa sauti, kwa Kiswahili kisha kwa tafsiri, zingeligeuza kundi zima: mwenyeji angejiona akitazamwa, na mgeni angejua kuwa wa kwanza kuuhadithia mji huu kwa lugha ya pwani hakungoja kuongozwa.

Kipo kituo kimoja cha mwisho, kidogo kuliko vyote. Mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba namba 193, njiani pamepachikwa kijiwe chenye uso wa shaba, sentimita kumi kwa kumi, kimoja katika maelfu yanayowakumbuka waliouawa na Wanazi. Kiliwekwa mwaka 2007 kwa ajili ya Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, alitumika katika jeshi la Wajerumani Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa mtoto, akafika Berlin mwaka 1929. Alikuwa mhudumu wa mkahawa, alisaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, na alicheza sehemu ndogo ndogo katika filamu. Mojawapo ni ile ya mwaka 1941 ya kumsifu Carl Peters. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la mapenzi na mwanamke Mjerumani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Vijiwe hivyo kwa desturi huanza na maneno ya Kijerumani yenye maana ya "Hapa aliishi". Ni mwanzo mzuri wa ubeti, lakini ni mwanzo tu. Mpita njia hujua kuwa mtu aliishi, na kuwa aliuawa. Hajui alizungumza lugha gani akiwa peke yake, wala aliwafundisha nini wanafunzi wake. Hapo mwongozaji ana kazi, na mfasiri vile vile, kwani kazi zao zinafanana: kumsimamisha mtu pahala ambapo angepita tu, na kumwachia mwengine aseme.

Kipimo hiki hakiwahusu Wajerumani peke yao. Mji Mkongwe wa Unguja nao una makundi yake, miavuli yake na viitikio vyake, na mwongozaji wake anaweza kuulizwa swali hilo hilo: katika kila kituo, ni sauti ya nani inayosikika? Kama ni yake peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, basi wageni wameoneshwa mawe, na waliokuwa wakiishi ndani ya mawe hayo wamepitwa.