Mafundi wa Ombwe

Jozi ya valvu za amplifaya aina ya 300B, za kampuni ya Western Electric, huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Kwa fedha hizo mnunuzi hupata chupa mbili za kioo, kila moja ikitoa wati 8 hivi inapofanya kazi peke yake, nguvu isiyotosha kuzitikisa ipasavyo spika nyingi za siku hizi. Watu wanalipa, tena bila kunung'unika.

Wana sababu. Ndani ya valvu hii, iliyotoka mwaka 1938, mna vitu vitatu tu vya kazi: filamenti, gridi na anodi. Filamenti hupewa volti 5, ikapata moto na kuanza kutoa elektroni. Gridi huzibana au kuziachia ziende kwenye anodi, kwa kufuata mawimbi ya muziki. Gridi yenyewe ni waya mwembamba uliozungushwa kwenye nguzo. Mzingo mmoja ukisogea, au filamenti ikilegea, valvu haifanani tena na pacha wake, na katika amplifaya sahili isiyojisahihisha hakuna pa kuificha kasoro hiyo.

Valvu ya KT88 ina tabia nyingine kabisa. Ilitoka London miaka ya 1950, kazi ya kampuni ya M-O Valve. Waundaji wake waliipanga mizingo ya gridi ya pili nyuma ya ile ya kwanza, mzingo kwa mzingo, ili elektroni zipite kwenye nafasi zilizo wazi na ni chache tu zigonge waya wa pili. Ulinganifu huo hufanywa kabla kioo hakijafungwa. Kikishafungwa, hakuna kurekebisha. Mwaka 1961 kampuni ya McIntosh ilitia KT88 nne katika amplifaya ya MC275, ikapata wati 75 kila upande. Kwa okestra nzima na spika nzito, hapo 300B haiwezi kushindana nayo. Kwa sauti ya mwimbaji mmoja, kwenye spika za honi zinazoitikia umeme kidogo, KT88 ni nguvu ya bure.

Kazi ngumu zaidi ni kubagua majina. Valvu za zamani za EL34 za kampuni ya Mullard, zilizotengenezwa Blackburn, Uingereza, zina maandishi madogo yaliyochorwa kwenye kioo karibu na kitako: herufi B ya kiwanda, kisha tarakimu ya mwaka, herufi ya mwezi na tarakimu ya wiki. Muongo haukuandikwa, kwa hiyo mjuzi hutazama pia umbo la vyuma vya ndani. Siku hizi jina hilohilo la Mullard huchapwa kwenye valvu za Saratov, Urusi. Nyingine ni nzuri tu, lakini si za Blackburn, na asiyejua hulipia historia ambayo hakupewa.

Kuna alama moja isiyojali jina. Hewa ikishanyonywa, bariamu huchomwa ndani ya chupa ili inase gesi iliyosalia, nayo huacha doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Doa likigeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa, hata kama boksi lake halijawahi kufunguliwa.

Western Electric waliacha kuitengeneza 300B mwaka 1988. Leo inatengenezwa tena, huko Rossville, Georgia, na huuzwa kwa dhamana ya miaka 5.