Hasira za Jared katika The Field Guide

Muhula huu tulisoma The Field Guide (2003), kitabu cha kwanza kati ya vitano vya The Spiderwick Chronicles, kazi ya Wamarekani Holly Black na Tony DiTerlizzi, ambaye pia ndiye mchoraji. Mallory na wadogo zake pacha, Jared na Simon, wanahamia na mama yao katika nyumba kuukuu ya ukoo baada ya baba kuondoka.

Mjadala ulianza na jina. Thimbletack, kiumbe anayeishi ukutani, tumwite nani kwa Kiswahili? Jini ni mkubwa mno, zimwi hula watu, na kibwengo ana pwani yake. Tuliishia "kijitu cha nyumba", tafsiri isiyo na ladha ila haipotoshi.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, uzito wa kitabu uko kwa Jared. Watoto wanaharibu kiota cha kijitu bila kumjua mwenyewe. Kisha Mallory anaamka nywele zake zimefungwa kitandani, na lawama zinamwangukia Jared, kwa kuwa tangu baba aondoke amekuwa mgomvi. Hapa fantasia inaibeba dhamira: msomaji anajua mtoto hana hatia, mama hajui. Sisi walimu, ambao huadhibu kwa kufuata sifa ya mtoto, tulizisoma sura hizo kwa shida.

Simon amechorwa kijuujuu. Nje ya wanyama wake hatumjui. Lakini tendo la kumjengea kijitu makao mapya limeturidhisha, kwani Jared, aliyesingiziwa, anashiriki kurekebisha.