Mutumishi Félicité na deni la nyumba

Katika mwaka 1877 Gustave Flaubert, mwandishi wa Ufaransa, alitoa kisa kiitwacho « Un cœur simple ». Ni habari ya mutumishi Félicité, aliyekaa kwa Bibi Aubain, katika muji wa Pont-l'Évêque, miaka karibu 50. Kwa franka 100 kwa mwaka alipika, alishona, alifua, na kulea watoto wawili, Paul na Virginie.

Wengine husema: mwandishi anamucheka tu muzee huyu anayechanganya kasuku wake na Roho Mutakatifu. Sisi hatukubali. Tuangalie vema ni nani anayehukumiwa humo.

Virginie yuko shuleni kwa masista. Siku nne zinapita bila barua, na mama yake hana raha tena. Félicité anamutuliza: yeye amekaa miezi sita bila habari ya Victor, mutoto wa ndugu yake, anayetumika melini. Bibi anainua mabega tu. Mutoto yule si kitu kwake. Kiisha Victor anakufa ngambo, na Virginie anakufa vilevile. Siku moja wanawake hao wawili wanafungua nguo za marehemu. Kofia yake imekwisha kuliwa na wadudu. Wanatazamana, wanalia, na bibi anamukumbatia mutumishi wake. Ni mara ya kwanza.

Upendo ule ni wa kweli, na mwandishi hauchafui. Lakini hatusomi kwamba mushahara uliongezwa. Bibi alipokufa alimuachia franka 380 kwa mwaka. Paul, aliyelelewa na mikono ile, na bibi yake waligawanya na kuuzisha vyombo, na nyumba ikatafutiwa munuzi. Félicité hakuomba dari litengenezwe, kwa kuogopa kufukuzwa. Musimu muzima wa baridi muto wake ulilowa mvua.

Tunaona upungufu mumoja: Félicité halalamiki hata kidogo, na hivi musomaji muvivu anaweza kudhani kwamba hakudaiwa kitu.

Na sisi, katika nyumba zetu na za misioni, tunasema juu ya mupishi au yaya: « Huyu ni mama yetu. » Neno zuri. Lakini Papa Leo XIII alifundisha katika Rerum novarum, mwaka 1891, kwamba mushahara ni haki, si sadaka. Basi tuulize: siku mama huyu hataweza tena kuinua chungu, atalala chini ya dari gani?