Meno Yaliyokaa Mahali pa Makali: Uchambuzi wa Kisu cha Bear Grylls

Uamuzi wa kampuni ya Gerber ya Marekani wa kuchonga meno ya msumeno kwenye sehemu ya makali iliyo jirani kabisa na mpini, katika kisu ilichokitoa kwa jina la Bear Grylls mwanzoni mwa muongo wa 2010, ulikuwa kosa la usanifu, na hakuna sifa nyingine ya kisu hicho inayoweza kulifuta. Waliofuatilia kipindi chake cha televisheni cha kuokoka porini, Man vs. Wild, kilichorushwa na Discovery kuanzia 2006 hadi 2011, wanakikumbuka kisu chenyewe kwa mpini wake wa mpira, kitako cha chuma cha kugongea na firimbi iliyofungwa kwenye kamba. Mpini unashikika vizuri hata ukilowa, na ala inabeba fimbo ya kutoa cheche za kuwashia moto; hayo yalifanywa sawasawa.

Ubaya wa meno hayo unatokana na mahali yalipowekwa. Mkono unapochonga, umbali kati ya ngumi na mahali makali yanapokutana na mti ndio unaoamua nguvu kiasi gani itafika kwenye mti na kiasi gani itapotea katika kukipinda kifundo cha mkono, na kwa sababu hiyo kazi zote nzito na za uangalifu hufanywa karibu na mpini. Hapo ndipo hukatwa pengo la kuegemeza sufuria juu ya moto, hapo huchongwa ncha za vigingi vya hema, na hapo huanzia kijiti cha nyuzi, yaani kijiti kikavu kinachochongwa nyuzi nyembamba zisizokatika hadi mwisho ili zishike moto hata msitu ukiwa umelowa. Meno hayatoi nyuzi, bali huupasua mti na kuacha mikwaruzo, na mtumiaji hulazimika kusogea mbele kuelekea ncha, ambako udhibiti ni mdogo na hatari ya kuteleza ni kubwa. Msanifu aliichukua sehemu yenye thamani kuliko zote katika bapa akaipa kazi inayojitokeza kwa nadra.

Kosa hilo linakuwa zito zaidi mtu akigeuza ala. Nyuma yake kuna kinoo kidogo cha almasi, wazo zuri lililowekwa ili kisu kinolewe porini, lakini kinoo hicho ni bapa, nacho kinoo bapa hakiingii ndani ya mabonde ya meno, ambayo huhitaji tupa ya mviringo inayochongoka. Kisu kiliuzwa, kwa hiyo, pamoja na kifaa kisichoweza kunoa vizuri sehemu ya makali ya kisu chenyewe. Ni kweli kwamba meno hukata kamba za nailoni na mikanda ya viti vya magari upesi, na ndiyo maana mabaharia na waokoaji huyapenda. Lakini mpiga kambi hukutana na kuni na chakula kila siku, na kamba nene mara chache.

Kisa hiki cha kisu kuuzwa kwa umaarufu wa skrini si kipya. Tangu filamu ya First Blood ya 1982, ambayo kisu chake kilisanifiwa na Jimmy Lile kikiwa na mpini wenye uwazi na meno mgongoni, wanunuzi wamekuwa wakichaguliwa visu na kamera, ilhali George Washington Sears, aliyeandika kwa jina la Nessmuk, alikwisha kutetea bapa jembamba katika kitabu chake cha Woodcraft cha 1884. Mors Kochanski wa Kanada, ambaye hakuna mwalimu wa ufundi wa msituni wa zama za karibuni anayeweza kuwekwa juu yake, alifanya kazi kubwa kwa visu vya bei ndogo kutoka mji wa Mora nchini Uswidi, ambako visu vimetengenezwa kiwandani tangu 1891. Kimojawapo cha visu hivyo vya Mora, Companion ya kampuni ya Morakniv, kina bapa la takriban milimita 104, na makali yake yananyooka hadi mpinini. Uchongwaji wake ni wa kiskandinavia, maana yake kila upande una mteremko mmoja mpana unaolala wenyewe juu ya kinoo, hivyo hata anayeanza hapotezi pembe ya kunolea.

Companion hulaumiwa kwa sababu msuka wake, yaani ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini, haufiki mwisho wa mpini. Lawama hiyo imekuzwa kupita kiasi na watu wanaopiga kisu kwa gogo ili kupasulia kuni ambazo shoka dogo lingezipasua kwa usalama zaidi. Msuka mrefu ni sifa njema, lakini hauwezi kuyafidia makali yaliyoharibiwa mahali pa kazi.

Gerber yenyewe baadaye ilitoa matoleo yenye makali laini hadi mpinini, na hilo lathibitisha kwamba marekebisho yaliwezekana tangu mwanzo. Mnunuzi mwenye fedha za kisu kimoja tu na aanze kwa kuangalia sentimita tatu za makali zilizo jirani na mpini: akikuta meno, akirudishe kisu rafuni, na kwa chini ya nusu ya fedha hizo anunue Companion pamoja na kinoo.